Meli Iliyosikika Kabla ya Kuonekana

Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli iliyotumwa na Ujerumani, Rubens, iliikaribia pwani ya Tanga ikijifanya ya Kidenmaki, kwa jina la Kronborg. Ilibeba makaa ya mawe ya manowari Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Bendera na jina vilipangwa vizuri. Lakini ilibidi meli hizo mbili ziongee kwa simu ya upepo, yaani redio, na upepo hauna mlango. Waingereza walikuwa wamekwisha kupata vitabu vya msimbo vya jeshi la majini la Ujerumani, wakakaa kusikiliza. Tarehe 14 Aprili HMS Hyacinth ikaifuma na kuishambulia kwenye Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga.

Hata hivyo Wajerumani waliuopoa mzigo mwingi. Risasi zilizolowa zilifunguliwa, baruti ikaanikwa. Makaa hayakufika Rufiji, na Julai mwaka huohuo Königsberg ikaangamia. Silaha zile zilipita mabegani mwa wapagazi, watu ambao hawakuwahi kugusa mtambo wa redio, na vita vikaendelea kuwakamua hata baada ya Korogwe na Handeni kutekwa na majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts, Juni 1916. Siri ilivujia baharini, waliolipa wakawa wa bara.

Katika kisa hicho waliotumiana ujumbe walikuwa meli mbili tu, wala hapakuwa na wa tatu wa kuwasaidia. Mwaka 1975 mtaalamu wa nadharia ya habari, Aaron Wyner, alionyesha kwamba siri inaweza kupita hata bila ufunguo, mradi mdukuzi asikie vibaya kuliko mlengwa. Watafiti waliomfuata wakaleta majirani: simu ya pembeni inatoa kelele ya makusudi, mlengwa anayeijua kelele hiyo anaiondoa, mdukuzi anabaki na mvurugo. Jirani anatumia chaji yake kulinda maongezi yasiyo yake, naye hulindwa zamu yake ikifika.

Simu zetu za kawaida bado hazifanyi hivyo, kwa hiyo ushirikiano unabaki mikononi mwetu. Chukua duka la stendi ya Korogwe au Handeni lenye Wi-Fi ya wateja, nywila imebandikwa ukutani. Kwenye mitandao mingi ya aina hiyo, mwenye nywila akiinasa simu yako inapojiunga anaweza kusoma chochote ambacho programu yenyewe haikukificha. Mwenye duka aing'oe karatasi hiyo na kuibadili nywila. Mteja naye asiigawe kwa kila anayeuliza, na namba ya siri ya benki aiingize kwa bando lake mwenyewe.