Msilipulize Jiwe

Wajukuu zangu mnaonakshi mawe ya sabuni hapa Bonga, nawaomba mwache kupuliza. Nimewatazama mkiwa kazini. Msumari ulionolewa unapita juu ya rangi nyeusi, weupe wa jiwe unajitokeza, unga unaufunika mstari, nanyi mnasogeza mdomo na kupuliza ili muuone. Pumzi mnayoivuta baada ya hapo ndiyo inayoingia na ule unga.

Jiwe la sabuni lina sifa ya ulaini. Kule Tabaka, Kisii nchini Kenya, hulikata kwa panga na kulichonga kwa kisu likiwa limeloweshwa, kisha hulisugua kwa msasa na maji kabla ya kulipaka rangi au nta. Kazi hiyo ina heshima kubwa. Sanamu ya Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Siwakatazi ufundi, wanangu. Nataka mzeeke nao.

Lakini ulaini huo ni wa mkono tu. Vumbi mnaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha, sehemu kubwa hunaswa puani. Lile msiloliona ndilo linaloshuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na jiwe likiwa na madini ya silika, mapafu hufanya makovu yasiyo na dawa ya kuyaondoa, ugonjwa uitwao silikosisi. Sisi watu wa Manyara hatuhitaji kuhadithiwa. Mererani imo katika mkoa wetu, na wako vijana walioshuka kwenye migodi ya tanzanite na nguvu zao, leo kupanda kilima kidogo kunawashinda. Mapafu yenye silikosisi hushikwa upesi na kifua kikuu. Hicho kinatibika, silikosisi haitibiki. Vumbi lenu ni dogo kuliko la mgodini, najua. Ila mnakaa nalo kutwa, chumbani, mlango umefungwa.

Tokeni nje, mkae upepo ukipita ubavuni. Mstari ufuteni kwa kitambaa kilichokamuliwa. Rangi ikitoka, haijakauka, ingojeni. Sakafu inyunyizieni maji kabla ya kufagia. Nguo za kazi zivueni kabla ya kumpakata mtoto. Kile kitambaa mnachofunga puani hakizuii vumbi jembamba, kwa hiyo nunueni barakoa za N95, hata kama itabidi mchangiane. Na hizo grenda mlizoanza kuzileta zinanitia hofu kuliko yote: kukata jiwe kavu kwa grenda hutimua wingu zima la vumbi, na majirani zenu nao wanalivuta.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, nendeni hospitali. Msiseme tu kwamba mnakohoa. Mwambieni daktari tangu mwanzo kwamba mnachonga mawe, na kwa muda gani, maana dalili za silikosisi na za kifua kikuu hufanana, na asipojua kazi yenu anaweza kuugundua ugonjwa mmoja akauacha mwingine.