Uvumilivu ni wa Nani?

Kila tunapomuaga binti anayekwenda kuolewa, wazee huinuka mmoja mmoja na kumwambia neno lile lile: "Mwanangu, kavumilie." Mimi mwenyewe nimelitamka katika sherehe nyingi hapa Kikatiti, maana watu hudhani mwalimu mstaafu hakosi la kusema. Leo nataka tulipime neno hilo. Je, uvumilivu tunaomwagiza mwanamke ni wema, au ni mzigo wetu wenyewe tunaomtwisha yeye?

Kilichonifanya niwaze hivyo ni kitabu nilichokisoma baada ya kustaafu. Ni hadithi ya Myombekere na Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, iliyotungwa na Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyo alimaliza kuiandika mwaka 1945 kwa lugha yake ya Kikerewe, asipate wa kuichapa. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 Mzee Kitereza alifariki, kabla nakala hazijamfikia.

Kitabu ni kinene, nacho hakina haraka. Mwandishi anaeleza kilimo, uvuvi, dawa, harusi na mazishi ya Wakerewe wa zamani, kabla ya wageni kuja. Lakini ndani ya hayo yote yumo mwanamke mmoja, Bugonoka, tunayemfuata tangu ujana wake mpaka uzee. Bugonoka anampenda mumewe, na mumewe anampenda. Tatizo ni kwamba hawana mtoto. Ndugu za mume wanaanza kumsimanga. Wazazi wake wanaposikia binti yao anavyotukanwa, wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao.

Hapo ndipo niliposimama nikaweka kitabu chini. Nilikuwa nikitazamia kusoma jinsi Bugonoka atakavyovumilia. Badala yake, anayehangaika ni Myombekere. Anabaki katika nyumba isiyo na mke, anafunga safari kwenda kwa wakwe, anaomba radhi, naye anatozwa faini ya pombe ya ndizi, mitungi sita. Hana budi kuivisha ndizi, kukamua, kutafuta wasaidizi na kuifikisha pombe ukweni. Hamwambii mtu kwamba mke wake alipaswa kuvumilia. Tena haoi mke mwingine. Jirani zetu Wachagga nao wanajua jambo hili: mkosaji hubeba jani la isale akaenda kuomba radhi kwa miguu yake mwenyewe. Mwenye kukosewa haambiwi aende.

Sasa yanipasa niseme langu. Sisemi ili kujisifu, maana halina sifa.

Tulifunga ndoa mwaka 1985. Miaka sita ikapita bila mtoto. Marehemu mama yangu alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi, lakini ulimi hauna mfupa. Jioni moja, akiwa uani, alisema kwa sauti kwamba mgomba usiozaa hung'olewa ukapandwa mwingine. Mke wangu alikuwa jikoni, akasikia. Mimi nilikuwa barazani nikisahihisha madaftari, nami nikasikia. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kusahihisha. Maneno ya namna hiyo yalirudi mara nyingi, na kila mara nilikuwa na madaftari. Mbele za watu nilimsifu mke wangu kwa uvumilivu wake. Kumbe nilikuwa nasifu ukimya ulioniokoa mimi nisiseme na mama.

Mwaka 1991 alikwenda kwao. Alikaa miezi miwili. Sikumfuata hata siku moja. Nilijiambia kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba hasira yake itapoa. Akarudi mwenyewe na mfuko wake kichwani, mimi nikaona kwamba jambo limekwisha. Sikubeba mtungi hata mmoja.

Wengine watauliza: je, uvumilivu si tunda jema? Ni tunda jema, hapana shaka. Lakini tutofautishe mambo mawili. Ukame, ugonjwa, msiba, kukosa uzazi: haya hayakuletwa na jirani, nayo tunayavumilia pamoja. Matusi na masimango ni kazi ya watu. Yanayofanywa na watu hukomeshwa na watu. Kumwambia mtu avumilie jambo ambalo sisi tunaweza kulikomesha leo jioni, huko si kumfundisha wema. Ni kujipumzisha.

Tena tusisahau kwamba lawama yenyewe mara nyingi haina msingi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la uzazi wakati fulani wa maisha yake, na waganga wanatuambia kwamba chanzo huweza kuwa kwa mume sawasawa na kwa mke. Mimi nilikwenda hospitali kupimwa baada ya miaka tisa. Mke wangu alikuwa amekwisha kwenda mara nne, peke yake.

Katika kitabu, Bugonoka hatimaye anatibiwa na kujaliwa mwana na binti. Msomaji aweza kusema: basi, wema wa Myombekere umelipwa. Lakini tutazame maisha ya mwandishi mwenyewe. Mzee Kitereza alimwoa Bibi Anna Katura mwaka 1919. Watoto wao wote walifariki wachanga. Hakumwacha mkewe, wala hakutafuta mwingine. Yeye aliyewapa watoto wale wawili wa kitabuni hakubakiwa na mtoto nyumbani mwake. Kwa hiyo nasema kwamba mapenzi ya Myombekere yalikuwa na thamani siku ile ile alipobeba pombe, kabla mtoto yeyote hajazaliwa. Hata Elkana wa Biblia alimpenda Hana kabla ya Samweli.

Sisi hatukujaliwa. Tumelea watoto wawili wa ndugu zangu, nao wamekwisha kuwa na nyumba zao.

Nilipomaliza kitabu nilimwuliza mke wangu kwa nini alirudi mwaka ule. Nilitazamia atasema ni kwa uvumilivu. Akasema, "Mwalimu, migomba ile niliipanda mimi. Nimwachie nani?" Nikamwomba radhi kwa ajili ya jioni ile ya madaftari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua kwamba ulisikia." Akaendelea kuchambua maharage. Nikavuta kigoda nikamsaidia.

Wapenzi wasomaji, nikiitwa tena kutoa nasaha katika kumuaga binti, nitaomba kwanza bwana arusi asimame na mama yake. Kiapo cha ndoa huapwa na wawili, wala hakina sharti la mtoto. Nitamwuliza kijana swali moja: siku mkeo atakaposimangwa nawe ukasikia, utafanya nini? Akishajibu mbele yetu sote, ndipo nitakapokuwa na ruhusa ya kumwambia binti neno juu ya uvumilivu.