Makofi yale tulimpigia nani?

Katika banda la video hapa Mpanda tuliuona mkanda wa Rambo III, wa mwaka 1988. Mmarekani anapigana pamoja na Mujahidina wa Afghanistan dhidi ya Warusi. Tukashangilia. Kisha ukaletwa True Lies, wa mwaka 1994. Safari hii magaidi ni Waarabu, na Schwarzenegger anawamaliza. Tukashangilia vilevile, wengine na kofia zetu kichwani, ndiyo kwanza tumetoka kuswali Isha! Hollywood ilibadilisha adui ndani ya miaka sita tu; sisi makofi yetu yalikuwa yale yale. Je, mtu haulizwi kwa anachokishangilia gizani?

“Ni picha tu, Ustaadh,” kijana mmoja aliniambia. Sikumjibu. Nami nilikuwa nimepiga makofi.