Muungwana ni Nani?

Mtu akiokota pochi akamrudishia mwenyewe na fedha zote ndani, ataambiwa papo hapo kwamba ni muungwana. Hakuna atakayemuuliza babu yake alikuwa nani. Zamani, katika miji ya Pwani, hilo ndilo lililokuwa la kuulizwa.

Lamu, Pate na Unguja, muungwana alikuwa mtu huru aliyezaliwa na watu huru. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Tofauti ilionekana mwilini. Muungwana alitoka na kanzu, kofia na makubadhi, mtumwa akapita kichwa wazi na miguu mitupu. Mjakazi alijifunga kaniki. Baada ya amri ya 1897 kuondoa utumwa kisheria Unguja, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga, wengine hata buibui.

Bara mambo yalikwenda mbali zaidi. Misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ilipoingia Maniema, mashariki ya Kongo, katika karne ya 19, wengi wa watu wake walikuwa watumwa au wenyeji waliotekwa njiani. Huko Kasongo na Nyangwe walisilimu, wakavaa kanzu, wakazungumza Kiswahili na kujiita Waungwana. Jina likashika mpaka Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Si haki kuwaona walaghai: waliopokonywa ukoo walibaki na mwenendo tu wa kuonyesha. Linaloumiza ni kwamba baadhi yao, wakiwa na jina hilo jipya, walivamia vijiji na kuwatia wengine utumwani. Kama uungwana ni vitendo, navyo vitendo hivyo vihesabiwe.

Swali la nani ni muungwana ni la dini pia. Aya ya 13 ya Sura Al-Hujurat inapima utukufu wa mtu kwa ucha Mungu, si kwa kabila. Msikitini tajiri na hamali husimama safu moja, bega kwa bega. Lakini posa ikiletwa, wazee hushika suala la kufu, yaani kulingana kwa wanaooana, na ni kweli kwamba fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa sana Pwani, huhesabu nasaba na uhuru miongoni mwa vigezo vyake. Fiqhi hiyohiyo inasema bibi harusi na walii wake wakiridhia, ndoa inasihi. Kwa hiyo mzee anayemkataa kijana mwema kwa ajili ya ukoo wake asiseme kwamba dini imemlazimisha, amechagua mwenyewe.