Mtakatifu Yoane wa Damasko, Mtetezi wa Sanamu Takatifu



Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare Wakristu na Waislamu hukaa pamoja. Pengine jirani humwuliza mkatekumeni: «Mbona mwapiga magoti mbele ya mti? Je, si kuabudu sanamu?» Asiye na jibu huona haya, hata huanza kuyakimbia mafundisho. Basi asikie habari za mtu aliyejibu swali hilo zamani sana.

Yoane alizaliwa Damasko, mji wa Siria, yapata mwaka 675. Mji huo ulitawaliwa na Waislamu. Baba yake, ingawa Mkristu, alisimamia hazina ya khalifa. Yoane aliacha mali na heshima ya nyumba yao, akaingia monasteri ya Mtakatifu Saba, jangwani karibu na Yeruzalemu. Huko akawa mmonaki na padri, akaandika vitabu vingi kwa Kigiriki.

Mwaka 730 Kaisari Leo wa III wa Konstantinopoli, naye Mkristu, alikataza sanamu takatifu. Yoane hakunyamaza. Alifundisha hivi: Mungu haonekani, wala hakuna awezaye kumchora. Lakini Mwana wa Mungu alijifanya mtu. Watu walimwona na kumgusa. Kwa hiyo sura yake yaweza kuchorwa. Hatuabudu mti wala rangi; twamwabudu Mungu peke yake. Heshima tuipayo sanamu humfikia yule anayeonyeshwa nayo.

Yoane alifariki yapata mwaka 749. Mwaka 754 maaskofu waliomtii kaisari walimlaani. Lakini mwaka 787 Mtaguso wa pili wa Nisea uliyathibitisha mafundisho yake. Mwaka 1890 Papa Leo wa XIII alimtangaza kuwa Mwalimu wa Eklezya.

Basi, jirani akiuliza, ajibiwe kwa upole, bila ugomvi. Lakini kwanza kila mkatekumeni aichungulie nyumba yake mwenyewe. Yuko atundikaye msalaba mlangoni ili kufukuza wachawi, huku hirizi imefichwa chini ya kitanda. Huyo ameugeuza msalaba kuwa dawa, na lawama ya jirani yampata kwa haki. Msalaba si dawa: watuonyesha Yezu aliyekufa kwa ajili yetu. Anayetaka batizo aitupe hirizi, amtumaini Yeye tu.

Sikukuu ya Mtakatifu Yoane ni tarehe 4 Desemba. Atuombee tuwe na imani safi.