Mjukuu Wangu, Hilo Koo Ni Lako

Njoo ukae, mjukuu wangu. Nilikuona barabara ya Tom Mboya ukinunua sigara moja kwa mchuuzi wa peremende. Na Ijumaa uko Westlands, huku moshi, huku chupa. Unadhani macho ya mzee yamezeeka kama magoti yake.

Sikia. Ndani ya seli za koo lako kuna protini iitwayo p53. Wataalamu waliigundua mwaka 1979. Huyo ndiye askari wako wa geti. Vinasaba vya seli vikipata dosari, anaizuia isijigawe mpaka itengenezwe. Ikishindikana, anaiua. Anakesha hivyo bila mshahara.

Moshi wa sigara humharibu huyo huyo, maana sumu yake huivuruga jeni inayomtengeneza. Pombe nayo huifungulia sumu njia. Vikikutana, hatari haijumlishwi, huzidishwa. Acha, mwanangu. Acha.

Na kuna ajabu. Kinyama cha koo lenye saratani kikipimwa kwa darubini, mara nyingi p53 huonekana tele. Utadhani ulinzi umeongezwa, kumbe wapi! Ile nzima mwili huivunja upesi, ndiyo maana haionekani sana. Iliyoharibika ndiyo inayorundikana. Geti limejaa askari vipofu. Ukimpofusha askari, usimlaumu mwizi.

Kipo pia kirusi cha papiloma, ambacho hufika kooni kwa mapenzi ya mdomo. Nisamehe, uzee umeniondolea haya. Chenyewe huivunja p53 kabisa. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Dada yako mdogo apelekwe.

Hii njia ya sigara na chupa naijua inakoishia. Rafiki yangu wa Kawangware alikuwa makanga, akiita abiria unamsikia Naivasha Road nzima. Sauti ikaanza kukwaruza. Akanywa tangawizi, akanywa dawa ya kikohozi, miezi ikapita. Leo anapumulia tundu la shingoni, na akitaka kusema neno huliziba kwa kidole. Wajukuu wake hawajawahi kuisikia ile sauti.

Nakusihi tena, acha leo. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, chakula kikikwama, au uvimbe ukitokea shingoni, usiniambie habari za tangawizi. Nenda zahanati, uombe barua ya rufaa ya Hospitali ya Kenyatta, kliniki ya masikio, pua na koo. Nauli nitatoa mimi.