Kunyimwa si Kujinyima

Wazee wa Uzigua walikuwa na desturi moja ambayo njaa za Handeni hazikuweza kuivunja. Mahindi ya mbegu yaliwekwa darini, juu ya moshi wa jiko, na hata mwaka ambao mvua ziligoma na watoto wakalia usiku, hakuna aliyenyoosha mkono kule juu. Mahindi yale yalikuwa matamu kama mengine. Ila yalikuwa na wenyewe: watakaokula mavuno ya mwakani, na huenda baadhi yao walikuwa bado tumboni mwa mama zao.

Nasema hivi kwa sababu mahubiri ya kuacha tamaa za dunia yamejaa Korogwe na Handeni, na mengi yanatuambia kwamba dunia ni chafu, mwili ni adui na fedha ni ya shetani. Babu zetu hawakujinyima kwa kuchukia chakula. Walijinyima kwa ajili ya mtu. Nami naamini Injili iko upande wao. Yule tajiri wa Injili ya Marko hakuambiwa tu auze alivyo navyo, aliambiwa awape maskini, ndipo arudi amfuate Bwana. Zakayo naye aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu akaahidi kumrudishia mara nne. Wahubiri wengi hukazia kuuza, na habari ya wanaopokea huipita mbio.

Tena tuangalie ni nani anayeambiwa aache. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, ukaenea Magunga, Ngombezi na Kwamdulu. Vibarua wa mkataba, walioitwa manamba, walikuja kutoka mbali kuukata. Manamba alilala kambini bila mke, alikula posho, alimaliza kipande chake cha siku 30 akaanza kingine. Ukimtazama kwa nje, aliishi kama mtawa: hana mali, hana jamaa, anatii amri tangu alfajiri. Lakini hakuchagua hata kimoja kati ya hivyo. Alinyimwa. Mama anayekimbilia dirisha la basi pale Korogwe na sinia la machungwa kichwani, ukimwambia aachane na tamaa za dunia, unamwomba asamehe deni ambalo dunia haijamlipa. Neno hilo lina mahali pake, na mahali pake pa kwanza ni kwa mwenye nacho.

Frank Weston alikuwa nacho. Alizaliwa Uingereza mwaka 1871, akasoma Oxford, akafaulu kwa daraja la juu kabisa katika teolojia, na njia ya ukubwa katika kanisa la kwao ilikuwa wazi mbele yake. Mwaka 1898 akaja Unguja na misheni ya Kianglikana ya UMCA, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar, dayosisi iliyofika mpaka huku bara, Bonde na Uzigua. Wengi humsifu kwa safari zake za miguu na maisha yake ya kawaida. Mimi namheshimu zaidi kwa jambo lingine: mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuilaumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Na mwaka 1923, mbele ya umati wa Waanglikana wenzake London, aliwaambia kwamba haiwezekani kudai kumwabudu Yesu kwenye tabernakulo huku unampita Yesu kwenye vibanda vya maskini. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924 Hegongo, karibu na Magila, kwa jipu lililotia sumu damu yake.

Alichoacha ambacho bado tunakigusa kwa mikono ni masista. Mwaka 1911 alianzisha shirika la watawa wanawake la Mateso Matakatifu, CSP, na masista hao baadaye walifika hadi Kwa Mkono, Handeni, wakahudumia wagonjwa hospitalini na kulea hostelini watoto waliolemazwa na polio. Mwaka 1946 CSP wakasaidia kuzaliwa shirika la Kiafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu, ambalo makao yake makuu yako Kilimani, Masasi. Binti wa Kitanzania anayeweka nadhiri za ufukara, useja na utii anajua vizuri anachokiacha. Kwetu mwanamke asiye na mtoto huulizwa maswali mpaka uzeeni, na baba yake huulizwa mahari imekwenda wapi. Kwake nadhiri hiyo si jambo dogo, na ukoo mzima unashiriki gharama yake. Sasa nenda hosteli ya Kwa Mkono asubuhi. Utaona watoto wanafunga mikanda ya vyuma vya miguuni, mkubwa akimsaidia mdogo, kisha wanashika magongo na kuelekea shule. Bila hosteli ile, wengi wao wangebaki uani wakilinda kuku. Useja wa hiari wa wale masista umekuwa miguu ya watoto wa watu wengine.

Mimi nadhani fedha siyo tamaa iliyo ngumu kuliko zote. Ngumu zaidi ni tamaa ya jina. Simama nje ya kanisa lolote la kijijini baada ya ibada, mnada wa sadaka unapoanza. Kuku wa ajuza fulani ananadiwa. Mwenye duka anapandisha bei mara tatu ya ile ya sokoni, watu wanapiga vigelegele, anatabasamu, na kuku anarudishwa anadiwe tena. Kanisa limepata, sawa. Lakini nimewahi kuona kuku akinunuliwa kimya kimya kwa bei ya kawaida, na mnunuzi akatuma mtoto ampeleke kwa mjane aliyelala mgonjwa nyumbani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kama ningeulizwa ni yupi kati ya wawili hao aliyeacha kitu, nisingesita.

Ndiyo maana nachukizwa na mahubiri mapya ya kupanda mbegu, yanayomwambia kijana aliyetoka kuchimba dhahabu Magambazi kwamba akitoa laki atavuna milioni. Hiyo ni biashara, tena ya kumfanya Mungu kuwa wakala. Tamaa haijaguswa, imevalishwa kanzu tu. Na kijana yule ndiye anayeumia, kwa sababu milioni isipokuja huambiwa imani yake ni ndogo.

Kwaresima ikifika tutafunga tena. Wengine wataacha nyama, wengine soda, wengine pombe. Vizuri. Basi kila jioni ihesabiwe fedha ambayo haikutumika, iwekwe mahali pake, na Pasaka isiigeuze kuwa pilau ya mfungaji mwenyewe. Kama hujui pa kuipeleka, uliza Kwa Mkono. Na usipeleke mara moja ukadhani umemaliza, kwa maana mtoto hukua, na vyuma vya miguu alivyopimiwa mwaka jana havimtoshi mwaka huu.